Mashine Iliyolia Baba Alipoingia

Kiruruma,
Karagwe.
14 Juni, 2025

Mpendwa Shangazi Sperancia,

Shikamoo. Habari za Morogoro? Kifua cha Baba Allen kimetulia? Sisi hatujambo, tunachuma kahawa, na Bibi bado anagombana na kuku.

Shangazi, hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Naona aibu watu wakijua kwamba baba yangu ni baba yangu.

Ule mkono niliovunjika ulishatolewa hogo la plasta. Mfupa umeunga, ila nikishika kalamu bega linapanda lenyewe hadi karibu na sikio, na baada ya mistari michache siwezi tena kuandika. Mtihani ni Novemba. Hospitalini Bwana Egbert, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, hunibandika begani vibandiko vyenye nyaya. Msuli ukijikaza, mashine inalia; ukilegea, inanyamaza. Kazi yangu ni kuinyamazisha kwa kulegeza bega tu. Nilikuwa nimeanza kuweza.

Ndipo Baba akanisindikiza. Aliingia na mabuti yenye samadi, akisalimia kila mgonjwa kwa Kinyambo, kwa sauti ya kuita ng'ombe. Wanafunzi wawili wa shule yetu walikuwa kwenye benchi. Mashine ikapiga kelele. Baba akinyamaza, inanyamaza, akisema, inalia. Bibi mmoja mwenye magongo akacheka: "Wewe Baba Placida, mtoto anakupigia filimbi! Umecheza rafu gani?"

"Anaogopa fimbo yangu," Baba akajibu, naye akicheka.

Hajawahi kunichapa, Shangazi.

Tangu hapo hunifikisha mlangoni, akabaki nje juani. Nilimsikia akimwambia Mama, "Mimi ndiye ninayemzuia kupona." Nikakaa kimya, maana kunyamaza kulikuwa rahisi kuliko kusema ukweli.

Jana, nikiwa nimeshabandikwa, nilimwomba Bwana Egbert anichomoe kwenye mashine kidogo. Nikatoka na nyaya zikining'inia, nikamwambia Baba aingie.

"Itapiga kelele, mwanangu."

Nikamwambia aiache ipige, na kwamba simwogopi, ni aibu zangu mwenyewe. Hakuuliza aibu ya nini. Nikamshika mkono, nikamketisha karibu yangu, nikawaambia waliokuwepo, "Huyu ni baba yangu." Bwana Egbert akaniunganisha tena, mashine ikalia muda mrefu. Nikachukua kalamu, nikaandika huku inalia.

Nisalimie Baba Allen na Allen mwenyewe. Bibi anawaombea; Mungu awatunze hadi mtakapokuja Krismasi.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana,

Placida