Safari ya Mulot Kumfuata Chelel

Jumamosi, Agosti 1995

Mvua ya mawe imeshuka saa nane mchana, ikachana majani yote ya chai ya upande wa mto. Siku nyingine ningelia. Leo nimesimama mlangoni nikaangalia tu, kama mtu anayeangalia shamba la jirani.

Moyo wangu hauko kwenye chai. Uko Mulot.

Kesho asubuhi naenda huko. Sijawahi kupita Bomet maishani mwangu. Sisi wa Sigowet tukipanda gari tunaenda Kericho, tunanunua sabuni na mafuta ya taa, tunarudi. Lakini njia nimeichora nyuma ya karatasi ya kalenda, na nimeisoma mpaka naweza kuisema nikiwa nimefumba macho: Kericho, Litein, Kaplong, Bomet, Longisa, Mulot. Rafiki yangu Mama Njeri, ambaye huuza kabeji katika masoko ya huko, ameniambia kwamba ukishaacha Longisa milima inaisha na nchi inalala chini. Hakuna chai, miti ni ya kuhesabu. Ni ngano na nyasi mpaka macho yachoke. Anasema gari likija huko, watu huona vumbi lake kabla ya kusikia injini.

Hiyo imenifurahisha. Nataka nionekane nikija.

Niandike polepole, kwa sababu nikiwa na hasira huwa naruka mambo.

Chelel alikuwa ng'ombe wetu, wangu na Baba Chebet. Mwekundu mwenye kipaji cheupe, na pembe ya kushoto imepinda chini mpaka karibu na jicho, kwa sababu Baba Chebet alijaribu kuichoma isiote, Chelel akiwa ndama, na hakuijua hiyo kazi. Tulicheka sana juu ya hiyo pembe. Lakini maziwa yake yalisomesha watoto, na mwaka mmoja tulimpeleka kwenye shoo ya kilimo Kericho akarudi na utepe. Tulipigwa picha siku hiyo. Baba Chebet amevaa koti la harusi, mimi nimeshika kamba, Chelel anaangalia kando kama mtu aliyechoshwa na wageni.

Miaka miwili iliyopita Baba Chebet alikufa. Hatukuwa tumemaliza hata mwezi mmoja tangu mazishi, bwana mifugo wa kwetu wakati huo akaja nyumbani. Hakuwa ameitwa. Alisema kuna ugonjwa wa kutupa mimba unazunguka, akamtoa Chelel damu. Baada ya wiki akarudi na uso mrefu. Akasema Chelel anao, na kwamba ugonjwa huo huingia kwa watu kupitia maziwa. Lazima achukuliwe, auawe, azikwe na chokaa. Alinipa karatasi yenye sahihi. Wakati huo Chelel alikuwa na mimba ya miezi saba.

Nilimfungulia lango mimi mwenyewe. Hilo ndilo huniamsha.

Nikamwaga maziwa yote. Nikapeleka watoto watatu hospitali kutolewa damu, na Chebet mdogo wa miaka sita akanishika sketi akiniuliza kama atakufa kama baba. Nikachoma vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Vilikuwa vya Kogo, mama wa marehemu mume wangu, naye alipewa na mama yake. Kogo alisimama karibu na moto, akanisaidia hata kuvisukuma ndani kwa kijiti, kwa sababu aliwahofia watoto kama mimi. Kisha habari ikatoka. Majirani waliokuwa wakinunua maziwa kwangu wakaanza kupita mbali. Mwanamke mmoja kanisani alihamisha mtoto wake kutoka benchi letu.

Watoto hawakuwa na ugonjwa wowote. Nilimshukuru Mungu, na nikamshukuru bwana mifugo. Nilimtumia kuku.

Kuku wawili, kusema ukweli.

Alhamisi iliyopita Mama Njeri alifika hapa akihema, hata kabla hajatua kikapu. Alikuwa amepeleka kabeji za karamu kwa mtu fulani huko Mulot. Mwenye boma ni yule bwana mifugo. Aliacha kazi, sasa analima ngano, na Jumapili anafungua nyumba mpya ya mawe. Wachungaji wataombea nyumba, wageni watakula. Na nyuma ya nyumba, kwenye hori ya maji, Mama Njeri alimwona ng'ombe mwekundu mwenye kipaji cheupe na pembe ya kushoto imepinda kwenye jicho. Mama Njeri alinunua maziwa ya Chelel miaka minne. Hawezi kukosea.

Nilikaa chini. Sikulia. Kitu fulani kilinipanda, cha moto, na ukweli ni kwamba kilikuwa kitamu. Kwa miaka miwili nimekuwa mjane wa kuhurumiwa. Alhamisi nilijisikia kuwa na kazi ya kufanya.

Nilienda kwa chifu kwanza. Alisikiliza huku akikata kucha, akasema ng'ombe wekundu ni wengi, nilete ushahidi. Sawa. Ushahidi ninao: picha ya shoo, na karatasi inayosema Chelel auawe azikwe na chokaa, yenye sahihi ya mtu anayemkamua.

Mpango wangu ni kufika wageni wakiwa wameshakaa, kabla ya maombi kwisha. Sitapiga kelele. Nitampa mchungaji hiyo karatasi aisome kwa sauti, kisha nitaita Chelel jina lake. Alikuwa akiitwa anakuja, hata akiwa na majani mdomoni. Nataka kuona uso wa yule mtu wakati huo. Kusema kweli, nikiambiwa nichague moja kati ya ng'ombe na huo uso, sijui ningechagua nini.

Ilibaki gari. Ndiyo maana asubuhi ya leo nilimwita Wesley.

Wesley ni shemeji yangu, mdogo wa Baba Chebet. Ana pikapu ya kubeba maziwa. Tangu kaka yake afe, ndiye anayenichongea mpini wa jembe, ndiye anayeenda shuleni wakiita mzazi. Watoto wanampenda. Nilimpa chai, nikamwambia Chelel yuko hai na ameonekana upande wa Mulot. Sikutaja mtu, sikutaja boma. Nilitaka kumpa hiyo sehemu mwishoni, kama zawadi, nione akikasirika pamoja nami.

Hakukasirika. Aliweka kikombe chini.

Alianza kusema klachi ya pikapu inateleza. Nikamwambia jana ilipanda mlima na mikebe imejaa. Akasema barabara baada ya Bomet ni mashimo tu. Nikasema tutaenda polepole. Akasema Jumapili si siku ya kugombana. Nikasema sitagombana, nitamsalimia ng'ombe wangu. Basi akafikiri kidogo, akaona nimeshakata shauri, akajaribu kunitisha.

"Mama Chebet, huko si mahali pa kuingia hivi hivi," akasema. "Ukishapita posho mill kuna hiyo geti ya waya, na mbwa wawili hawafungwi hata mchana. Watakurarua."

Nje kuku walikuwa wakiparuana. 

Mama Njeri alikuwa ameniambia habari ya posho mill, hicho kinu cha kusaga mahindi. Alikuwa ameniambia habari ya geti ya waya na mbwa wawili. Mimi sikumwambia Wesley hata neno moja la hayo.

"Wesley," nikamwambia, "hao mbwa umewajulia wapi?"

Aliangalia mlango. Kisha aliangalia mikono yake, ile mikono inayofanana na ya kaka yake.

Sikupiga kelele. Nilimwongezea chai. Sijui hata kwa nini. Mkono ulijiendea wenyewe. Na pengine ile chai ndiyo iliyomvunja, kwa sababu alianza kusema bila kuulizwa tena.

Ni yeye aliyembeba Chelel. Yeye na hii pikapu. Alisema mwanzoni aliamini ni wa kuchinjwa. Lakini walipita Kericho, wakapita Bomet, na walipofika kwenye ngano bwana mifugo akamwambia ashushe, akacheka, akamwambia mjane hana haja na ng'ombe wa shoo, atamshinda tu. Akamwambia akinyamaza, ndama atakayezaliwa ni wake.

"Ungerudi uniambie," nikasema.

"Ningeanzia wapi? Nilikuta umeshachoma vibuyu."

"Ungesema siku hiyo, nisingewapeleka watoto kutolewa damu."

"Najua."

"Chebet aliniuliza kama atakufa."

"Najua, Mama Chebet. Nilikuwa hapo."

Ndipo nikamkumbuka ndama. Wesley ana mtamba kwake, mwekundu, mzuri, aliyesema alipewa na mjomba wake wa Sotik. Mwaka jana mtamba huyo aliharisha karibu afe, na mimi nilikesha naye siku mbili nikimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa chupa. Mke wa Wesley alinishukuru akilia. Mtoto wa Chelel. Nilimshika kichwa mapajani mwangu na sikujua.

Hapo ndipo nilipotaka kumpiga. Kulikuwa na mwiko karibu. Niliuangalia mwiko, na yeye akauangalia, na nafikiri angekubali. Ingekuwa rahisi kwake. Ningempiga, ningelia, angelia, tungemaliza.

Sikutaka tumalize.

Alisema atamleta mtamba leo leo, na akamleta kweli, kabla ya mvua. Amefungwa pale Chelel alipokuwa akifungwa. Alisema atakuja kesho saa kumi na mbili, ataniendesha mpaka kwenye geti, na atasema mbele ya wote alichofanya na alichoona. Kitu kimoja tu aliniomba. "Mama asijue."

Mama yake ni Kogo.

Nilimwambia nitafikiri. Kisha mvua ilipokatika nilivaa gambuti nikashuka mpaka nyumba ya Kogo, nikamwambia Chelel amepatikana, kesho tunaenda kumchukua, na ningependa twende naye. Nilijua atakubali. Mzee yule hajatoka Sigowet tangu mazishi, lakini alisimama wima kama msichana. Akatoa koti lake la kijani sandukuni akalikung'uta. Akauliza kama huko kuna baridi. Akauliza kama Chelel atamkumbuka. Kisha akakaa kitandani akasema kitu ambacho bado kiko masikioni mwangu.

"Wesley ni mtoto mzuri. Anaacha kazi yake kutupeleka. Baba Chebet alituachia mtu."

Ningeweza kusema wakati huo. Ningeweza pia kunyamaza milele, kumhurumia mama mzee ambaye amebakiza mtoto mmoja wa kiume. Wanawake wazuri wangefanya moja kati ya hayo mawili. Mimi nilimsaidia kufunga vifungo vya koti, ajaribu kama bado linamtosha.

Nikirudi nilimkuta Wesley barabarani akiangalia matairi ya pikapu. Nikamwambia Kogo anakuja nasi. Atakaa katikati, kati yangu na yeye.

Alishika mlango wa gari.

"Umemwambia?"

"Sijamwambia. Utamwambia wewe. Una njia yote, kutoka hapa mpaka Longisa. Usipokuwa umesema tukifika Longisa, nitasema mimi, na nitaanza na vibuyu."

"Mama Chebet, heri ungenipiga."

"Najua," nikasema. Nilimwachia neno lake mwenyewe.

Sasa ni saa kumi na moja. Nimeweka kila kitu mezani: karatasi, picha, kamba mpya, chupa ya chai, viazi vya kuchemsha na mayai, na blanketi la kumfunika Chelel mgongo kwa sababu huko wanasema upepo ni mkali. Mama Njeri atamkamua ng'ombe wangu wa sasa na kubaki na watoto. Chebet ameuliza kama tunaenda matembezi. Nimesema ndiyo. Ni kweli kwa namna fulani. Ni safari ya kwanza ninayojipangia mwenyewe tangu niolewe.

Yule bwana mifugo simwogopi. Kwake nimeshamaliza kufikiri. Yeye ni mwizi, na kesho atakuwa mwizi mbele ya wachungaji. Ninayemfikiria ni Wesley, mikono yake kwenye usukani, na mama yake kando yake amevaa koti la kijani akiangalia ngano kwa mara ya kwanza, akimwonyesha hiki na kile. Nimejaribu kumhurumia. Nimekaa hapa na kalamu nikajaribu kweli. Nimekumbuka jembe, nimekumbuka shule. Huruma inakuja mpaka mlangoni, halafu namwona Chebet akishika sketi yangu, nayo inarudi ilikotoka.

Najiuliza swali moja tu kabla sijaenda kukamua: natamani Wesley aseme kabla ya Longisa, au natamani anyamaze?

Hakuna mtu atakayesoma hapa, kwa hiyo nitajibu.

Natamani anyamaze.