Vitunguu Vyangu Viko Kijani, Mto Unakauka

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie haraka maana mkutano wa kamati ya maji ni Jumamosi na sijui nitaingia na uso gani. Mimi ni mkulima wa vitunguu, mke wa mwenyekiti wa kamati hiyo hiyo, na kiangazi hiki mto ulipungua mpaka tukakubaliana wote kwamba kila Jumanne na Ijumaa malango ya mifereji yafungwe, maji yashuke mpaka huko chini kwenye matete, samaki wanakozaliana, na anakoishi wifi yangu na wavuvi wenzake. Basi mshauri, siku hizo mbili mume wangu akishakula mchana anavaa viatu vya mpira anatoka, nikimuuliza ananijibu, "Nakagua malango, mama watoto," lakini anarudi amelowa mpaka mapajani, na lango hukaguliwa mtu akiwa amesimama pakavu, nikajua hapa kuna mwanamke, na mwanamke mwenyewe nikamjua, ni jirani yetu mjane mwenye shamba kando ya mto. Nikamnunia, salamu zake siitikii, na wifi alipopiga simu kwamba vidimbwi vimekauka na samaki wanakufa, watu wakaanza kunong'ona kuwa jirani ndiye anayeiba maji, nami nikachochea, nikasema, "Yule? Anaweza lolote." Ijumaa iliyopita nikamfuata mume wangu, nikajibanza kwenye kichaka, nikamwona anafukua mchanga, anatoa mdomo wa bomba jeusi, anautumbukiza mtoni, nikalifuata lile bomba nimeinama kama mwizi, na likaishia wapi? Kwenye matuta yangu ya vitunguu! Nikamkabili, akaniambia, "Mwaka jana vilipokauka ulilia wiki nzima. Ulitaka ulie tena?" Sasa kamati inataka kumfungia jirani maji msimu mzima, na wa kusoma uamuzi ni mume wangu. Nikisema, namwaibisha baba wa wanangu mbele ya dada yake. Nikinyamaza, nafsi inanisuta. Na tangu siku ile ananitazama kama mtu anayepima kama nitasema au sitasema. Nifanye nini?

Mke wa mwenyekiti

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, pole, lakini kabla pole haijakolea nina swali. Vitunguu vya wenzako vilipoanza kunyauka na vyako vikabaki kijani, ulidhani ni baraka ya mkono wako? Mtu anayeona mwanamke ndani ya suruali iliyolowa hashindwi kuona udongo mbichi kwenye tuta lake siku ambayo hakuna anayemwagilia. Uliona. Ila kumshuku jirani kulikuwa rahisi kuliko kuishuku nyumba yako.

Mumeo anakupenda, sikatai. Lakini mapenzi hayo anayalipia dada yake mwenyewe na mjane asiye na kosa. Siku mbili zile hazikuwa zawadi kwa mto, zilikuwa akiba yenu wenyewe. Samaki wasipozaliana, matete yakifa na kingo zikabomoka, mwakani hata bomba lenu halitakuwa na cha kunyonya.

Leo hii mwambie: "Useme wewe au niseme mimi, lakini Jumamosi itasemwa." Ling'oeni bomba pamoja, mchana, watu wakiona. Aache uenyekiti mwenyewe kabla hajaambiwa. Zamu zenu mbili zijazo za kumwagilia ziacheni zipite mtoni. Mashamba nayo yanahitaji kuishi, kwa hiyo lima nusu ya matuta, funika udongo kwa nyasi kavu, mwagilia alfajiri jua halijawa kali.

Kwa jirani usisubiri mkutano. Nenda peke yako, umwambie bomba ni la mumeo na maneno ni yako. Yale ya kumdhania kuwa anatembea na mumeo baki nayo wewe, usimtwike mzigo mwingine. Akikufukuza, rudi kesho yake.

Na Jumamosi, mumeo akiishika karatasi ya uamuzi bila kukiri, simama hapo hapo useme. Akishaisoma mpaka mwisho, mtakuwa mmemfungia mwanamke yule maji kwa wizi wa maji mliyovinywesha vitunguu vyenu.