Risasi za Baba Hazikuingia

Machi 11, mwaka wa thelathini na nne tangu niondoke

Mdogo wangu,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na wajukuu. Mimi sijambo, ila magoti na ngazi za nyumba hii hatuelewani.

Barua yako nimeipata. Unasema polisi wameirudisha bunduki yangu, nguruwe wanamaliza mahindi, na muuza risasi amekataa kukuuzia mpaka ujue aina yake; eti alikwambia risasi si viatu, mzee, hazijaribiwi moja moja. Msikilize. Tazama maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, karibu na chemba, pale risasi inapokaa. Hayohayo lazima yawe kwenye kitako cha risasi. Kulingana unene hakutoshi, kama alivyonifundisha fundi bunduki niliyemfanyia kazi huku: ndefu mno haiingii, na fupi huweza kuingia ikakupasukia usoni.

Halafu ukaandika, kama jambo dogo tu, kwamba ulijaribu zile za bunduki yake alizoacha baba, ndefu, zenye mviringo mwekundu kitakoni, na bolti, kile chuma cha kufungia chemba, ikagoma kufunga. Hapo nikaiweka barua mezani.

Unaikumbuka asubuhi ile ya ukungu, tukilinda mahindi, mimi na bunduki yangu, wewe na ya baba. Baba ndiye aliyetujazia zote mbili, kama kawaida yake. Sote tulifyatua, na jirani yetu akaanguka. Polisi walisema muuaji alisimama mtaroni, maana ndiko walikookota ganda la risasi. Ukaniambia aliyekuwa mtaroni ni mimi. Katika ule ukungu sikujua nilisimama wapi, nikakuamini.

Ganda hilo nililiona mkononi mwa polisi. Lilikuwa refu, na lilikuwa na mviringo mwekundu.

Najiuliza ulijua tangu lini. Wewe ndiye uliyenifungulia mlango wa nyuma nitoroke. Wewe ndiye uliyeniandikia kila mara kwamba watu bado wana hasira, nitulie hukohuko. Sasa baba hayupo, bunduki imerudi, na unaniita nyumbani. Labda hukujua, anayejua asingeutaja ule mviringo kirahisi hivyo. Au unanipima uone kama nakumbuka.

Nakumbuka. Sikumuua mimi. Nimeishi miaka yote hii nikiamini nimemuua.

Polisi sitawaandikia. Lakini mjane wa jirani yetu bado yu hai, na nikirudi ataniuliza, nami sitaweza kumdanganya.

Nisalimie shemeji, na wajukuu uwabusu kwa niaba yangu. Zile za baba usizilazimishe.

Sitarudi.

Kaka yako