Kilo Nne za Mdogo Wetu

Chumba Namba 6,
Nyuma ya Karakana ya Viti.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Dada,

Natangaza rasmi, nikiwa nimesimama wima na mikono ubavuni: kopo la biskuti la ofisini limetiwa kufuli. Ufunguo unaning'inia kwenye mkanda wa meneja.

Baada ya tangazo hilo zito, hujambo? Shemeji je, goti lake limepoa? Sisi huku miili mizima. Roho ndiyo inayochemka.

Kisa ni kitinda mimba wetu. Unajua yeye yuko kaunta, mimi stoo ya vifurushi. Mwezi wa kwanza meneja, tunayemwita Bwana Nidhamu akishageuka, aliamua kwamba watu wa kaunta ni sura ya kampuni, na sura haitakiwi kunenepa. Akawapandisha kwenye mizani ya vifurushi, wateja wakitazama. Mdogo wetu akaonekana amezidi kilo nne. Akapewa miezi miwili: azipunguze, ama atafute kazi kwingine.

Ijumaa iliyopita akapimwa tena. Amezidi saba.

Sasa nisikilize, maana lilikuja stoo jarida la afya lisilo na mwenyewe, nikalisoma mara tatu. Ndiyo shule yangu, unaijua. Ukikurupushwa na mbwa, mwili unamwaga homoni ya adrenalini, na njaa inakimbia kabla yako. Lakini mbwa huyo akihamia mlangoni miezi miwili, ubongo unaziamuru tezi mbili zilizokaa juu ya figo kama kofia zitoe homoni nyingine, kotisoli. Na kotisoli ni kama mama mkwe: kula mwanangu, weka akiba, tena vitamu na mafuta! Sukari ikifika, ubongo unatulia kidogo. Nao hausahau aliyeutuliza. Kesho unamwita tena.

Wengine hofu hiyohiyo inawanyima chakula kabisa. Mwenzake wa kaunta, Sindano, hajamaliza sahani tangu siku ile. Bwana Nidhamu akamsimamisha mbele yetu: "Mwigeni huyu! Anajua kufunga mdomo." Sindano akaninong'oneza, "Mzee, mdomo sijafunga. Tumbo ndilo limenifunga."

Jumanne nilimkuta mdogo wetu jikoni, amesimama, anatafuna mkate alioumwagia sukari, machozi yanamtoka. "Kaka, sina hata njaa. Nikizikumbuka zile kilo tu, mkono unaenda wenyewe."

Dada, nilitaka kuvunja kitu. Mtu anakuchomea nguo mwilini, kisha anakutoza faini ya moshi!

Nikaingia kwa meneja na jarida mkononi, nikamweleza yote, tezi kwa tezi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akitafuna biskuti. "Hizo homoni zako," akasema, "ziandikie barua."

Basi nakuandikia wewe.

Msalimie shemeji, wale pacha, na mama mdogo. Mwambie blanketi lilifika bila tundu. Mola akupe usingizi mzito na mabosi wepesi.

Ni mimi wako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,
Mdogo wako wa Stoo

Jambo moja sijathubutu kumwambia mdogo wetu, naye Ijumaa hii anapimwa mara ya mwisho. Mwaka jana meneja aliniamuru niichezee ile mizani, ili mizigo ya wateja ilipiwe zaidi, nami nikaichezea. Yeye ameshasahau. Inazidisha kilo nne.