Kijiji cha Madame

Laeken, Alhamisi jioni

Hata mashua ya baba yake ameisahau. Miaka minne ninamtunza Madame, na kila asubuhi nikimvalisha soksi alinisimulia kijiji chao cha Uingereza: mto unaopita nyuma ya kanisa, baba yake aliyevusha watu, alama za mafuriko kwenye ukuta. Nilikuwa nachoka kusikia. Bon, leo ningesikiliza hata mara kumi.

Mchana mwanawe alipiga simu kutoka Uingereza. Nilimwekea Madame simu sikioni, akasikiliza kidogo, halafu akaniuliza, "Huyu monsieur ni nani?" Mwanawe alisikia. Akakata simu.

Madame akaanza kuhangaika. Ili atulie, nikamsimulia mimi. Nilimwambia jinsi kengele ilivyolia ng'ambo mtu akitaka kuvushwa, na baba yake akaacha chakula mezani. Nikamwambia kuhusu mwaka ule maji yalipoingia kanisani na watu wakaimba wamesimama juu ya viti.

Alinishika mkono mpaka nikamaliza.

"Kijiji kizuri," akasema. "Ni kwenu?"

Nilitaka kusema hapana, Madame, ni kwenu. Lakini alikuwa ametulia, na mimi nimechoka kumsahihisha.

"Ndiyo, ni kwetu."

"Basi rudi, maman," akasema, kama anavyoniita siku zote. "Watakuwa wanakungoja."

Nikaenda jikoni kuosha vikombe vilivyokuwa safi. Kwetu Uvira hakuna aliyebaki wa kuningoja. Na yeye, sasa, hana hata pa kukumbuka.