Matanga ya Mtemi Widukind

Hässelby, Uswidi, 3 Novemba 2024

Wifi Anitha,

Habari za Bukoba, na goti la mama linaendeleaje? Mimi mzima, ila nimezua msiba.

Marehemu kaka yako Severin alikuwa akinisomea kitabu kila jioni, anatafsiri kutoka Kiswidi huku ndizi zinapoa. Ni habari za Widukind, mtemi wa Wasaksoni wa zamani sana, aliyekataa kutawaliwa na Wafranki. Severin alifariki tulipofika mtemi anapokimbilia Denmark. Sijakifungua tena. Nikikimaliza, atakuwa amenyamaza kweli.

Jana padre wa misa yetu ya Kiswahili aliomba majina ya marehemu. Nikaandika la Severin, halafu la Widukind, kwa kuwa Severin alisema huyo hana wa kumwombea. Yakasomwa mbele ya wote. Leo Bridget wa hapo kanisani kaja na sufuria ya pilau kunipa pole, akidhani Widukind ni ndugu yangu. Mugambi, naye wa kanisani, kauliza wasifu wa marehemu atausoma nani. Nifanyeje?

Wifi yako,
Winifrida

Bukoba, 10 Novemba

Wifi,

Goti la mama limetulia, ulimi ndio hautulii. Anasema Severin ulimzika ukawafukuza watu mlangoni, leo unamlilia Mzungu.

Waite Jumamosi, uanue matanga. Waambie ukweli, kisha uwasomee mwisho wa kitabu. Na hilo pilau usilimalize peke yako.

Wifi yako mchokozi,
Anitha

Hässelby, 17 Novemba

Wifi mpendwa,

Natumaini mama ameshamaliza kunicheka. Sebule ilijaa. Nikasema ukweli. Bridget akaniangalia. “Mimi nimelia kwenye treni toka Spånga kwa ajili ya mtu wa kitabuni?”

“Chakula kimeiva,” Mugambi akasema. “Soma wasifu.”

Nikafungua kitabu penye kijiti cha meno alichokiacha Severin kama alama. Nikasoma mistari miwili, nikampa Bridget kitabu akaendelea. Wifi, mtemi alichoka vita akabatizwa, na baba yake wa ubatizo akawa Karoli, mfalme wa Wafranki, adui yake yuleyule.

“Sasa ni ugomvi wa nyumbani,” Mugambi akasema.

Baada ya hapo, kitabu kinasema, hakuna ajuaye alikufaje.

Bridget akakifunga. “Kwa hiyo tumemwanulia matanga mtu ambaye hatuna hakika kama amekufa.”

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha Mugambi akauliza taratibu, “Na wasifu wa Severin? Hatukuusikia.”

Nikawasimulia. Nilianzia kwenye ndizi.

Wifi yako,
Winifrida