Waya wa Chumbani

Mwanangu,

Ruta uliyotutumia nimeifunga mwenyewe. Fundi alisema nimsubiri wiki mbili. Nikamwambia sishindwi na kisanduku chenye taa. Siku nzima taa ilikuwa nyekundu, nami nikaitukana ruta ya watu bure, kumbe waya wa intaneti nimeuchomeka tundu lisilo lake. Nilipouhamisha, ikawaka kijani.

Kisha nikavuta waya mrefu ukutani, kutoka sebuleni hadi kwenye kompyuta chumbani kwetu. Jirani kauliza mbona nisiiweke kompyuta sebuleni kama watu wote. Nikaendelea kuvuta waya. Baba yako hafiki tena sebuleni.

Jumapili upige simu ya video. Nitamnyoa ndevu asubuhi. Sauti imemwisha, lakini masikio anayo, kwa hiyo utaongea wewe.

Mimi mama yako,
fundi wa nyumba hii